Mkeka wa Mwenzangu

Nilimwonea wivu kabla sijajua anaitwa nani. Alikuja Jumamosi moja baada ya alasiri, miguu imejaa vumbi, kapu tupu mkononi, akasimama kwenye ngazi za kibaraza cha mwalimu wetu pale Manundu, Korogwe, akanisalimu mimi kwa shikamoo. Mimi! Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na yeye kwa macho yangu hakuwa chini ya thelathini na nane. Nikaitikia marahaba kwa kuwa hakuna jibu jingine, lakini moyoni nilikuwa nimeshamwandikia kosa la kwanza.

Kwenye darsa lile tulikuwa wanawake kumi na mmoja, yeye akawa wa kumi na mbili. Mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kizigua kutoka Handeni, aliyesomeshwa na baba yake mzazi mpaka akamaliza vitabu ambavyo wanaume wengi wa mjini huvitaja tu. Alitusomesha elimu tatu kwa mpangilio wa zamani: kwanza nahau, ambayo ni sarufi ya Kiarabu, halafu mantiki, namna ya kuzipima hoja, na mwisho balagha, namna ya kusema ukasikika. Watu walimuuliza wanawake wenye watoto na biashara zao watazifanyia nini elimu hizo. Akawajibu kwamba hana haja ya kutoa mashehe.

"Nataka mtu asiingie kichwani mwenu bila kubisha hodi," alikuwa akituambia. "Awe mume, awe mganga, awe mgombea, awe mimi."

Wenzangu walicheka hapo kwenye mume. Mimi niliandika kwenye daftari, neno kwa neno, na tarehe yake.

Ndivyo nilivyolelewa. Babu yangu alikuwa na chuo cha Kurani Kwaluguru, na beti za nahau nilizihifadhi nikiwa mtoto, shambani, nikifukuza ngedere wasile mahindi. Nilikuwa nasema mstari mmoja, napiga debe, nasema mstari mwingine. Ngedere wa Kwaluguru wa miaka ile nadhani nao waliijua nahau vizuri tu. Nilipoolewa Korogwe nikaanza kushona, nina cherehani mbili pale karibu na soko, na beti nilikuja nazo zote. Kwa hiyo mwalimu macho yalipoanza kumpungua, ni mimi niliyepewa kazi ya kumsomea. Mimi nasoma sentensi kwenye kitabu, yeye anaieleza, mimi naendelea. Msomaji hukaa kulia kwa mwalimu, mkeka wake ukigusana na wa mwalimu. Ile nafasi niliipenda kuliko nilivyoipenda elimu yenyewe, ingawa wakati ule ungeniambia hivyo tungegombana.

Na nilitaka zaidi ya nafasi. Kila mtu alijua kwamba siku moja bibi angerudi kwao Handeni, na darsa lingehitaji mtu wa kulishika. Nilitaka awe mimi. Sikumwambia mtu yeyote, na sidhani kama kulikuwa na mtu asiyejua.

Sasa huyu mgeni. Alikuwa muuza matunda Mombo, wale wanaokimbilia madirishani basi likisimama. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, manamba, mkataba ukaisha akabaki. Baba yake Mwislamu, mama yake Mkatoliki, kwao wanapika Idi na Krismasi. Kusoma kitabu kisichotiwa irabu hakuweza kabisa. Herufi alizijua, lakini alizisogelea kwa wasiwasi, akimaliza mstari ana jasho. Nilipoona hivyo nilipumua. Nikasema huyu atakaa wiki tatu, atarudi kwenye peasi zake.

Siku hiyohiyo ya kwanza bibi alikuwa anatueleza jinsi hoja inavyojengwa: msingi wa kwanza, msingi wa pili, kisha tokeo. Akaomba mfano. Nikanyanyua mkono haraka. Nikasema, "Kila mwenye elimu huheshimiwa. Babu yangu alikuwa na elimu. Basi babu yangu aliheshimiwa." Ulikuwa mfano mzuri, na ulimtaja babu yangu.

Sauti ikatoka nyuma, karibu na viatu. "Samahani, bibi. Kwetu mkongeni alikuwepo mzee mwenye elimu, na watu walimtukana mpaka anakufa. Sasa tufanyeje? Tuseme hakuwa na elimu, au tuseme hakutukanwa?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Au tuubomoe huo msingi wa kwanza," akasema. "Mwanangu, sogea huku mbele nikusikie." Na ili apate pa kukaa, ilibidi mimi nisogeze mkeka wangu. Niliusogeza kwa kiasi cha kiganja kimoja. Bibi, ambaye kwa kawaida hakuona hata sahani mbele yake, aliliona hilo, akaniambia nisogee tena.

Nikaanza kumtania. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na utani ni ruhusa, hakuna wa kukushitaki. Kila Jumamosi nilimwita mjukuu wa manamba mbele ya watu. Hakuchukia hata mara moja. "Ndiyo, mkonge tumekata sisi," alijibu, "wakati nyinyi mnapiga debe kwenye mahindi." Darsa zima likaangua kicheko. Kumbe kuna mtu alikuwa amemwambia habari za ngedere. Yeye alikuwa anatania. Mimi sikuwa natania, na ninaamini alijua.

Bibi alikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia kwa mwalimu mwingine. Wawili wakibishana mpaka sauti zikapanda, aliwakatiza: "Badilishaneni mikeka." Kila mmoja aliinuka, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mwenzake, na kutoka pale alitakiwa aitetee hoja ya mwenzake. Aitetee kikwelikweli, mpaka mwenye hoja aitikie kwa kichwa kwamba ndivyo alivyomaanisha. Ukitetea hovyo unarudia. Wapo waliorudia mara nne, adhana ya magharibi ikawakuta palepale. Mimi nilibadilishana na huyu mwanamke mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mkeka wake ulikuwa na harufu ya matunda, na kila nilipoukalia nilijiona nimeshushwa cheo.

Kisha likaja jambo la simu. Tulikuwa na kundi la darsa la WhatsApp, na siku moja niliweka humo sauti ya mtu asiyejitambulisha. Alieleza kwamba majani ya mti fulani yakichemshwa na kunywewa siku saba yanamaliza presha kabisa, na kwamba kuna mama wa Dar es Salaam alikuwa hawezi kutembea, sasa anapanda ngazi. Nilitumiwa na shemeji yangu. Nami niliituma kwa nia njema, kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa na presha. Jumamosi yake akasema leo kitabu kitulie, tuipime sauti hii. Ikasikilizwa kwenye simu yangu, kwa sauti kubwa, mara mbili.

Nilianza mimi, kama kawaida. Nikaonyesha jinsi msemaji alivyopanga maneno, alivyoanza na salamu, alivyoacha jambo kubwa mpaka mwisho. Nikasema ana balagha. Bibi akasema, "Kweli anayo," kisha akamgeukia mwenzangu.

"Huyo mama wa Dar, humu nani anamjua?" mwenzangu akauliza. Hakuna. "Na waliokunywa wasipone, sauti zao atazituma nani? Pale Mombo kila muuza matunda anakata tunda moja tamu na kulinyanyua juu. Sijaona anayenyanyua lililooza."

Bibi akampiga kofi dogo la goti, lile la mapenzi, ambalo mimi kwa miaka yote ile goti langu halikulijua. Nilitamani ardhi inimeze. Ubaya zaidi ni kwamba yule mwanamke alinitazama kwa wema, akaongeza kwamba hata yeye angeituma, kwa vile bibi ni mgonjwa. Sikuutaka wema wake.

Hapo ndipo nilipoamua kumkamata. Nilijiambia kwamba mtu anayeongea ukweli namna hii kibarazani, lazima anadanganya kwenye dirisha la basi. Biashara ni biashara. Nikangoja nafasi, na nafasi ikaja nilipopeleka sare za shule Lushoto. Wakati wa kurudi basi lilisimama Mombo kama yanavyosimama yote, na wauzaji wakatuzunguka. Nikamwona. Nikavuta mtandio mpaka kwenye pua, nikajibanza kwenye pazia, kiti kimoja nyuma ya mama aliyekuwa anamwita.

"Tamu hizi?" mama akauliza.

"Za leo bado ngumu, mama. Ziweke ndani siku mbili ndipo ule. Kama unataka za kula njiani, mwite yule mwenzangu mwenye ndoo nyekundu, zake zimeiva."

Mama akacheka, akanunua kwake mifuko miwili vilevile. Basi likaondoka. Nilikuwa nimekuja kumkamata mwongo, nikaondoka na ushahidi wa kumtetea, ushahidi ambao sikukusudia kumpa mtu yeyote. Nilifika nyumbani nikashona kola ya shati kinyume, nikaifumua, nikaishona kinyume tena. Mume wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia chakula kiko jikoni.

Tulipomaliza kitabu cha balagha, bibi alitangaza. Macho yalikuwa yamekwisha, mdogo wake wa Handeni alishamtengenezea chumba, na angeondoka kabla ya mvua za vuli. "Darsa nimewafikiria wawili," akasema, na akatutaja, mimi na muuza peasi. Wawili! "Jumamosi ijayo mtabadilishana mikeka. Kila mmoja atueleze kwa nini darsa apewe mwenzake. Wenzenu watanyanyua mikono."

Wiki ile nilifikiri kuliko nilivyowahi kufikiri juu ya jambo lolote, ikiwemo ndoa yangu. Njia ilikuwa nyepesi. Nitamtetea, lakini kwa ulegevu. Nikiwa kwenye cherehani nikatunga hotuba fupi yenye adabu: mwenzetu ni mpole, anawahi, hasumbui. Sifa ambazo ungeweza kumpa hata mbuzi. Hakuna atakayenilaumu, na hakuna mkono utakaonyanyuka. Nikaifanyia mazoezi mpaka nikaijua kama beti za babu.

Jumamosi ikafika. Alianza yeye. Akakaa kwenye mkeka wangu, kulia kwa bibi, akaweka mikono magotini.

"Kwa kusoma, humu hakuna wa kumfikia dada," akasema. "Akifungua kitabu, mambo yananyooka. Nikisoma mimi mnapata tabu, nami naiona tabu yenu. Nahau yote anayo kichwani tangu mtoto. Kwa hilo namtetea mpaka mwisho." Akapapasa ukingo wa mkeka. "Lakini nimeambiwa nitetee apewe darsa. Msingi wa kwanza ninao, kwamba anajua. Wa pili nimeutafuta wiki nzima. Mtu wa kutusomesha sisi tusiingiliwe vichwani, lazima naye aweze kusema, hapa nimekosea. Dada sijawahi kumsikia akisema. Labda nyinyi mmemsikia. Nisamehe, dada, siwezi kusema nisichokiona."

Nilingoja mmoja wao aseme kwamba amenisikia. Wanawake kumi, wengine nimewashonea nguo za harusi za binti zao. Mmoja alianza kuchambua uzi kwenye kanga yake. Kwa utaratibu wetu bibi alinigeukia, akaniuliza kama nimetetewa sawasawa. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini, niseme hapana, na kuwaonyesha palepale kwamba anasema kweli?

Nikakaa sawa kwenye mkeka wake, hotuba ya mbuzi mdomoni tayari. Kisha nikawatazama, nikaona wananionea huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniponza. Hasira naijua, dharau naijua, lakini kuhurumiwa na watu ambao juzi niliwasahihisha matamshi! Nikasema kimoyomoyo, kama darsa limeniponyoka, basi angalau leo wajue ni nani humu anayejua kusema. Hotuba ya mbuzi nikaiacha.

Nikaanza na Mombo. Nikawaeleza basi, pazia, mtandio puani, nikakiri mbele yao kwamba nilikwenda kumvizia. Nikawaeleza yule mama wa mbele yangu, na ndoo nyekundu, na zile siku mbili za kuziweka ndani. Nikaja kwenye yule mzee mwenye elimu aliyetukanwa, na tunda linalonyanyuliwa juu. Maneno yake nilikuwa nayo yote, kila Jumamosi, kila swali, nani alicheka, bibi alijibu nini. Hakuna mtu anayekuangalia kwa makini kama anayekuonea wivu. Anayekupenda hupitiwa, mimi sikupitiwa na kitu. Nikayapanga msingi juu ya msingi, nikashusha sauti mahali pa kushusha, nikatua mahali pa kutua. Mtu mmoja akapiga kigelegele. Wallahi, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimelewa ufundi wangu mwenyewe, mpaka nikafika kwenye tokeo na kusikia mdomo wangu unasema, "Basi darsa ni lake." Na nilipolisikia, nikajua kwamba ninalisadiki.

Mikono ikanyanyuka. Sitaki kuihesabu hapa.

Watu walipokwisha kuondoka, bibi alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Mwanangu," akasema, "miaka yote umenisomea maneno ya watu. Leo ndiyo umesema la kwako." Neno kama hilo nilikuwa nimelingoja tangu nilipokanyaga kibaraza kile, na likanifikia siku niliyolitoa darsa kwa mikono yangu miwili. Nilimshukuru. Nilitamani pia kumng'ata.

Bibi akaenda zake Handeni. Na yule mwanamke, kabla ya Jumamosi yake ya kwanza, alikuja mpaka kwenye cherehani zangu, akanipa shikamoo, akaniomba niendelee kuwa msomaji kwa sababu bila mimi kitabu hakifunguki. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Nilifikiria kwa muda wa kukata uzi mmoja. Mume wangu huniuliza ninakwenda kufanya nini mahali ninaporudi nimenuna kila wiki, nami humwambia nakilinda kitabu. Nasoma, yeye anaeleza. Anaeleza vizuri, kwa mifano ya stendi na jikoni, na wanawake sasa wamefika ishirini na watatu, wengine wanatoka Mombo hukohuko. Mimi nasoma kilichoandikwa na kunyamaza. Sikuuliza swali hata moja. Ndiyo ilikuwa silaha yangu pekee.

Jumamosi iliyopita alikuwa anafundisha jinsi hoja inavyojengwa. Akatoa mfano wa binti anayeulizwa na walii wake, msimamizi wake wa ndoa, kama anakubali kuolewa, naye akanyamaza, na kile kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo. Hapo alikuwa sawa. Kisha akateleza. Akaupanua mfano, akasema, "Kila anayenyamaza amekubali," akataka waandike. Kalamu zikaanza kutembea. Nikaliona kosa, kubwa, limekaa wazi, na nikasikia utamu wake mpaka kwenye ulimi. Nikafunga kitabu kwa kidole ndani, nikanyanyua mkono.

"Hiyo ni ya binti na walii wake," nikasema. "Mimi nimenyamaza humu tangu uanze kusomesha, na sijakubali hata siku moja."

Wakacheka, wengine kwa mshangao, maana walio wengi hawakuwa wamewahi kusikia sauti yangu nje ya kitabu. Nami nikamkazia macho. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua angetafuta mlango wa kutokea, angesema alikuwa anatujaribu, au kwamba hatukumwelewa, kwa kuwa hivyo ndivyo ambavyo ningefanya mimi.

Akafikiri kidogo, kichwa upande. "Kweli," akasema. "Nimekosea. Futeni mlichoandika, dada yuko sahihi."

Akaendelea na somo kwa sauti ileile na uso uleule, kana kwamba amehamisha kikombe tu kutoka hapa kwenda pale. Wanawake wakainama, wakafuta. Na mimi niliyeshinda nikabaki na kitabu mapajani, nikimwonea wivu hata namna anavyokosea.